Wa Arobaini na Moja

Bango lilitundikwa Jumapili baada ya misa, kwenye njia panda, pale ambapo hata mgeni aliyepotea lazima apite. Lilikuwa turubai jipya lenye picha ya Rhealyn, utepe wa heshima kifuani, na maandishi mekundu: HONGERA RHEALYN, MWANASAYANSI WETU, DAKTARI WA KESHO. Kando yake ilikuwepo picha ya Kapteni Ruperto, mkuu wa kijiji, na uso wake ulikuwa mkubwa mara mbili ya ule wa msichana, kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu na turubai alilitoa yeye. Aling Mena, mama wa Rhealyn, hilo halikumsumbua. Alilitazama bango akiwa chini yake, akavuka barabara akalitazama tena, kisha akamwambia mumewe, Mang Anselmo, amshikie mwavuli ili alitazame vizuri.

"Litapauka kwa kutazamwa," alisema Mang Anselmo.

"Wivu. Ukoo wenu wote hakuna aliyewahi kubandikwa picha popote."

"Babu alibandikwa. Kituo cha polisi."

Aling Mena alicheka mpaka mwavuli ukaanguka. Siku hiyo angecheka hata angeambiwa nyumba imeezuliwa. Rhealyn alikuwa amemaliza darasa la kumi na kubakiza miaka miwili ya sekondari ya juu, ambayo mtu huichagulia mchepuo. Shule ya kijiji cha Tabigue ilikuwa na michepuo miwili tu, upishi na umeme wa majumbani, na aliyetaka sayansi ilimbidi akapange chumba mjini, ng'ambo ya milima. Mwaka huu shule ilipewa ruhusa ya kufungua sayansi. Aling Mena ndiye aliyekuwa mzazi wa kwanza kuandikisha, na kalamu aliyoazimwa siku ile mpaka leo hajairudisha.

Kila asubuhi alikuwa langoni mwa shule na jiko lake, akiuza bibingka, mikate ya mchele na tui inayopikwa kwa moto juu na moto chini. Jumatatu mteja wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Villaflor, mwandikishaji wa wanafunzi, mama mnene mwenye sauti ndogo.

"Aling Mena, lile bango limetundikwa lini?"

"Jana, Mwalimu. Umeliona?"

"Nani hajaliona. Mngesubiri kidogo." Alimega mkate, akaupuliza. "Walioandikishwa sayansi ni ishirini na sita. Darasa halifunguliwi chini ya thelathini. Wasipotimia Ijumaa saa kumi jioni, mwaka huu basi."

Aling Mena aliacha kupepea moto. "Na hao ishirini na sita?"

"Wenye uwezo watakwenda mjini. Wengine tutawachukua upishi."

"Upishi." Alilitamka neno hilo utadhani amekuta nywele ndani yake. "Mwalimu, mtoto wangu kakulia kwenye moshi huu. Akae darasani miaka miwili akifundishwa kuchanganya unga na tui?"

"Wanafundishwa na keki za kizungu."

"Tabigue nani anakula keki za kizungu?"

Mwalimu Villaflor alikuwa ameshajaza mdomo, akatikisa kichwa tu. Alisahau pia kuchukua chenji, na Aling Mena, ambaye siku nyingine angemkimbilia nayo, akasahau kumpa.

Mchana habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima. Aling Mena alipokwenda kununua sukari dukani kwa Aling Purita, alikuta wanawake watatu wameketi kwenye benchi, na wote watatu wakanyamaza kwa pamoja. Purita alikuwa kumare wake, maana ndiye aliyemsimamia Rhealyn ubatizo, na kumare ana ruhusa ya kusema yale ambayo majirani wanayanong'ona.

"Daktari wetu hajambo, kumare? Nasikia atakuwa anatibu kwa mwiko."

Benchi likacheka. Aling Mena akacheka nalo, akalipa sukari, akaondoka mgongo umenyooka. Lakini neno lilimchoma, na lilimchoma zaidi kwa kuwa lilikuwa zuri. Lingekuwa la mtu mwingine, angelitumia yeye.

Nyumbani alimkuta Rhealyn ameketi ngazini. Habari ilimtangulia.

"Mimi sayansi naitaka kweli, Mama," msichana alisema. "Si kwa ajili ya lile turubai. Hata lisingekuwepo."

"Najua."

"Ukitoka upishi ukataka uuguzi, unarudishwa nyuma unaanza kusoma upya. Nimeuliza."

"Nimekwambia najua." Aling Mena aliweka sukari chini. "Wanne tu. Kijiji hiki kina watoto wengi kuliko kuku. Nitakosa wanne?"

*

Jumanne aliacha jiko mikononi mwa mumewe, ambaye aliunguza mikate kumi na miwili na kuila saba, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na kapu la bibingka kichwani. Alianzia pale palipomuuma, dukani kwa Purita. Dexter, mwana wa Purita, alikuwa ameandikishwa umeme.

"Umeme ni kazi nzuri," alisema Aling Mena, akimkabidhi kumare wake mkate wa moto. "Atapanda nguzo, atashuka nguzo. Akizeeka atapanda polepole."

"Sema unalotaka, Mena."

"Mimi sitaki kitu. Ninafikiria meli tu. Siku hizi meli haziendeshwi kwa misuli, kumare. Mashine tupu. Ukitaka ubaharia wanakuuliza hesabu, fizikia. Yule kaka yako baharia, aliyejenga nyumba ya vigae, alisoma nini?"

Purita alitafuna taratibu. Kaka yake alikuwa na vigae mpaka chooni, na kila alipomtembelea alijisikia anachafua.

"Dexter," aliita hatimaye, "njoo hapa. Unakwenda sayansi."

"Lakini Mama, mimi hesabu..."

"Hesabu utazikuta hukohuko."

Huyo akawa wa ishirini na saba. Wa ishirini na nane na tisa walikuwa mapacha wa fundi cherehani. Baba yao aliuliza kama sayansi wanapewa sare za bure. Aling Mena alimjibu kwamba atamwombea, na kwa kuwa alikuwa mcha Mungu, fundi akaridhika. Meli ilifanya kazi huko pia. Kufikia Jumatano jioni Aling Mena mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba Rhealyn atakuwa daktari wa melini.

Alibaki mmoja tu kutimiza thelathini, na nyumba zilikuwa zimekwisha. Aliyebaki ni Arceli.

Aling Mena aliizunguka nyumba hiyo kwa siku mbili. Arceli alikuwa na miaka ishirini. Alipata mimba akiwa darasa la tisa, akaacha shule, na mwaka jana alifaulu mtihani wa elimu mbadala unaomhesabu mtu sawa na aliyemaliza darasa la kumi. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuandikishwa. Shida ni kwamba enzi za ile mimba Aling Mena alisema maneno ambayo hayafai kusemwa kanisani, na aliyasemea kanisani. Wahenga walionya mtu asitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Aling Mena alidhani uzazi wake umekwisha.

Alimkuta Arceli anapanga samaki wa moshi kwenye ungo, binti yake Tintin amemkalia nyongani.

"Aling Mena. Umepotea njia?"

"Nimekuja kununua samaki."

"Samaki nauza sokoni asubuhi. Saa hizi nina maneno tu, na kwako ni ghali."

"Basi nimekuja kuomba."

Arceli aliendelea kupanga samaki. Aling Mena akaeleza yote, darasa, thelathini, Ijumaa. Meli hakuitaja. Cheti cha elimu mbadala kilikuwa kimepigiliwa ukutani ndani ya mfuko wa plastiki, na ndicho kitu pekee kilichopigiliwa kwenye ukuta ule.

"Ulisema mimi ni mfano," alisema Arceli. "Mbele ya watu wote. Ukawaambia wasichana, mtazameni, huyo ni mfano."

"Nilisema."

"Mfano wa nini?"

Aling Mena aliinamia ungo. "Nilikosa, Arceli," aliwaambia samaki.

"Sema ukiniangalia."

Aliinua uso. Ulikuwa wa moto kuliko jiko lake. "Nilikosa."

Arceli alifuta mikono kwenye sketi. "Fomu iko wapi?" Aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri ajabu. "Nilitaka kwenda mwenyewe," alisema. "Nikaogopa kuchekwa na watoto. Mimi hesabu nazipenda." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anaungama.

*

Alhamisi walikuwa thelathini kamili, na Mang Anselmo akachinja kuku. Ijumaa Aling Mena alirudi langoni kwake amevaa hereni. Saa tatu wakaja vijana wanne kutoka kijiji cha jirani, wakaulizia sayansi ya meli iko mlango gani. Aling Mena aliwaelekeza kwa furaha na kuwauzia mikate. Saa tano wakaja watatu. Baada ya chakula cha mchana wakaja wanne wengine na mama zao, mmoja amebeba picha ya mjomba wake akiwa kwenye sitaha ya meli huko Norwei. Wa mwisho alipoingia, Aling Mena hakumwelekeza; alikuwa ameanza kuwahesabu.

Saa kumi na nusu Mwalimu Villaflor alitoka na daftari.

"Hongera, Aling Mena. Darasa limefunguka. Umetuletea arobaini na mmoja."

"Vizuri," alisema Aling Mena, lakini polepole.

"Viti ni arobaini. Chumba kimoja, mwalimu wa fizikia mmoja. Kesho asubuhi watafanya jaribio la hesabu na sayansi. Wa mwisho atasubiri. Akijitoa mtu kabla ya Jumatatu saa sita mchana, anaingia yeye."

Nyumbani aliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Nani atakuwa huyo wa mwisho, maskini, pengine Dexter. Mang Anselmo alikuwa anachokoa meno.

"Ule utepe wa heshima," alisema, "ulikuwa wa wastani wa masomo yote, sivyo?"

"Tisini. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ngoma za asili alipata tisini na nane. Hesabu je?"

Aling Mena hakujua. Ile karatasi aliisoma mpaka kwenye neno heshima, akaikunja. Alimtazama Rhealyn, na Rhealyn akainamia sahani.

*

Orodha ilibandikwa Jumamosi saa tisa. Majina arobaini, mstari mwekundu, na chini ya mstari jina moja. Dexter alikuwa wa thelathini na nane. Arceli alikuwa wa pili. Aling Mena alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, lakini chini ndiko alikolikuta, mara zote mbili.

Alijiandaa kwa kicheko cha Purita. Alikuwa hata ameshatayarisha jibu. Purita alikuja, akamshika bega, akasema, "Pole, kumare," basi. Afadhali angecheka. Fundi cherehani ndiye aliyesema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mkewe akamfinya. Jioni Kapteni Ruperto alimtuma mtu njia panda na mkasi. Upande wa Rhealyn ukakatwa, upande wa Kapteni ukabaki, ukimpongeza sijui nani.

Rhealyn hakulia mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akaomba nakala ya maswali kutoka kwa Dexter, akakaa nayo mezani. Aling Mena alimpikia uji akauacha, akamkaangia yai akaliacha. Mama mwenyewe alikuwa amezizunguka nyumba zote hizi akiwaita watu waje wamtoe mwanawe kitini, na alikuwa amewapa na mkate juu.

*

Jumapili alasiri Arceli alifika na Tintin. Aling Mena alikuwa jikoni, kwa hiyo Arceli alisimama karibu na meza akisubiri, akachungulia karatasi ya Rhealyn.

"Hapa umegawanya kabla ya kutoa," alisema, akiweka kidole. "Na hapa alama imekutoroka. Nyingine zote uko sawa. Una haraka tu."

Rhealyn alifuta, akaandika upya. Jibu likatoka. Alimtazama Arceli, ambaye alikuwa anamfuta mtoto kamasi.

Aling Mena alipotoka, Arceli aliuchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso, kama mtu amsalimuvyo mkubwa wake, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka minne. Kisha akampa barua.

"Shangazi aliyekuwa akae na Tintin ameitwa na mwanawe mjini. Sina mwingine. Nimeandika kwamba najitoa. Wewe uko langoni kila asubuhi, naomba umpe Mwalimu." Alimhamishia mtoto nyonga ya pili. "Nafasi inakwenda kwa Rhealyn. Angalau nimepoteza kwa mtu ninayemjua."

Alipoondoka, furaha ilimpanda Aling Mena mpaka kooni, na wala hakuionea haya. Hakuomba kitu, hakumsukuma mtu. Mungu mwenyewe kaleta, tena kwa maandishi. Rhealyn alikuwa amesimama.

"Utaipeleka, Mama?"

"Nitaipeleka."

Msichana alimkumbatia, akamlilia shingoni yale machozi yote ya tangu jana, kisha akala uji, yai na wali wa baba yake. Aling Mena alikaa akimtazama anavyokula. Mang Anselmo alirudi kutoka kwenye tanuri la kukaushia mbata, akaisoma barua, akairudisha mezani.

"Anaandika vizuri," alisema.

"Sana."

"Umemwuliza kama kweli hana wa kumwachia?"

"Si kaandika hana?"

"Kaandika. Mimi nauliza kama umemwuliza."

"Wewe nenda kaoge," alisema Aling Mena, na Mang Anselmo akaenda kuoga. Lakini barua ilibaki pale mezani, na kila alipopita aliiona, na mwandiko wake ulikuwa uleule wa kwenye fomu.

*

Jumatatu Aling Mena alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Hakuelekea shuleni. Alimkuta Arceli anaparua samaki nje, miguu mitupu.

"Kwa nini hujavaa?"

"Nimevaa."

"Nguo za shule."

Arceli aliinua kisu. "Barua hujaipeleka?"

"Nimeiwashia jiko. Ilikuwa imekauka vizuri." Aling Mena alimnyanyua Tintin, ambaye alimtazama kwa mashaka, akaamua kuvuta hereni. "Huyu atakuwa na mimi langoni. Anakula bibingka?"

"Aling Mena. Na Rhealyn?"

"Rhealyn ana mama. Wewe siku zile ulikuwa unahitaji mtu mzima mmoja akunyamazie, na mimi nilikuwepo nikasema. Vaa viatu, kengele inakaribia."

Alisema haraka na kuondoka haraka, kwa sababu alijijua. Angekaa kidogo tu, angebadili mawazo.

Rhealyn alifika langoni saa moja na nusu, sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa. Alimwona Tintin nyongani mwa mama yake, mashavu yamejaa unga. Alimwona Arceli anapita na daftari, kichwa kimeinama, miongoni mwa watoto wa miaka kumi na sita. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ulisema utaipeleka."

"Nilisema."

"Mimi ndiye mwanao."

"Ndiyo maana nimechukua chako," alisema Aling Mena. "Cha kwake nilishachukua kingi. Nichukie, mwanangu, nichukie hata mwaka mzima. Nitakuwa hapahapa."

Rhealyn alilia bila sauti, amesimama wima, mikono kwenye mikanda ya begi. Wanafunzi walipita wakijifanya hawaoni. Mteja alikuja, akaona hali, akajikatia mkate na kuacha pesa mwenyewe. Tintin alinyoosha kipande cha bibingka kilicholowa mate kumpa yule dada anayelia, na kipande kikaanguka, na hakuna aliyekiokota.

Kengele ililia. Mwalimu Villaflor alitoa kichwa dirishani, akawatazama wote watatu, akaelewa alichoelewa. "Wa upishi," aliita kwa ile sauti yake ndogo, "bado mmoja."

Rhealyn alifuta uso kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande wa pili. Jikoni mikate miwili ikaungua juu, na mama yake hakuigusa.

"Upishi wanataka aproni," alisema mwishowe. "Mimi sina."

Aling Mena alijifungua ya kwake kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono mwingine, fundo likagoma, na Rhealyn ndiye aliyezunguka nyuma akalifungua. Aliikunjua. Ilikuwa na tundu la kaa la moto mfukoni na madoa ya tui ya miaka mingi. Akainusa.

"Inanuka moshi."

"Utaifua ukirudi."

"Utaifua wewe," alisema Rhealyn, akajifunga aproni, akaingia darasani bila kugeuka nyuma.